Riwaya nne za Walatino kwa watoto na vijana: ipi imfae nani?

"Dada, nitajie kimoja tu. Nina pesa ya kitabu kimoja." Mama Furaha aliniambia hivyo tukiwa tumesimama mbele ya rafu ya vitabu vya watoto, nami nikashindwa kumjibu papo hapo.

Bintiye ana miaka 12, yuko darasa la sita hapa Texas. Rafiki yake wa kufa na kuzikana ni msichana ambaye wazazi wake walitoka Honduras. Wanakula meza moja, wanasukana nywele, na siku hizi Furaha anarudi nyumbani na maneno ya Kihispania mdomoni. Mama mtu alizaliwa Uvira, akakaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Anajua uchungu wa kuitwa jina moja na watu wasiokufahamu: mkimbizi, basi, imeisha. Hakutaka bintiye amtazame mwenzake kwa jicho hilo. Ndiyo maana alitaka kitabu.

Nilichelewa kumjibu kwa kuwa neno "Mlatino", yaani mtu wa Marekani mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, limebeba watu wengi mno. Yumo mtoto wa kibarua wa Kimeksiko kwenye mashamba ya California. Yumo Mkuba wa Florida. Yumo msichana mweusi wa Harlem, nywele za kipilipili, ambaye mama yake anasali rozari kwa Kihispania. Kuomba kitabu kimoja cha Walatino ni sawa na kuomba kitabu kimoja cha Waafrika. Chochote utakachopewa, wengi watakuwa wamebaki nje.

Tena vitabu vyenyewe havilingani na idadi ya watu. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino zaidi ya milioni 62, karibu mtu mmoja katika kila watano. Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison kina kituo kinachohesabu vitabu vya watoto vinavyotoka kila mwaka, na hesabu ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba katika kila vitabu 100, vyenye wahusika wa Kilatino vilikuwa kama 5 tu. Wanyama na wahusika wengine wasio watu walipata 27. Kwa hiyo kitabu kimoja kikifika darasani hubebeshwa mzigo wa mamilioni, na mtoto anayekisoma hudhani amewamaliza wote.

Hapa naweka mezani riwaya nne ambazo wazazi na walimu huniuliza mara nyingi. Zote ni za Kiingereza chenye Kihispania ndani yake, na zote zimeandikwa na wanawake wa ukoo wa Kilatino:

"Esperanza Rising" ya Pam Muñoz Ryan, iliyotoka mwaka 2000.
"Merci Suárez Changes Gears" ya Meg Medina, 2018.
"The Poet X" ya Elizabeth Acevedo, 2018.
"I Am Not Your Perfect Mexican Daughter" ya Erika L. Sánchez, 2017.

Kwa ufupi nitaziita kwa majina ya wasichana wanaozibeba: Esperanza, Merci, Xiomara na Julia.

Nimezipima kwa nini

Kila moja nimeiuliza maswali yaleyale. Inamfaa msomaji wa umri gani, na Kiingereza chake ni kizito kiasi gani? Inahusu Walatino wa wapi, na wa wakati gani? Kihispania kimekaaje ndani yake: mgeni anashikwa mkono au anaachwa anyooshe shingo? Shida ya mhusika inatoka wapi? Na mwisho, kuna mambo gani mazito ambayo mzazi angependa kuyajua kabla mtoto hajayafikia?

Swali la nne ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine, na sababu yake nitaieleza tukifika.

Umri na usomaji

Esperanza na Merci ni za watoto wa miaka 9 hadi 13 hivi. Xiomara na Julia ni za vijana wa sekondari, miaka 14 na kuendelea. Mpaka huo uheshimiwe.

Esperanza ina kurasa 250 na kitu, sentensi fupi, msimulizi wa nje anayesimulia kwa utulivu. Mwanzo wake unakwenda taratibu: baba na binti wanalala kifudifudi shambani wasikilize mapigo ya moyo wa ardhi. Mtoto aliyezoea vitu vya haraka anaweza kuchoka hapo, lakini akivuka sura mbili za kwanza, moto unawaka kwelikweli na hadithi inakimbia.

Merci ni ndefu zaidi, karibu kurasa 350, ila inasomeka kwa wepesi. Merci mwenyewe ndiye anayesimulia, kwa sauti ya mtoto wa miaka 11 mwenye kuona kila kitu na kukasirishwa na nusu yake. Kwa mtoto ambaye Kiingereza chake bado kinajengeka, hii ndiyo ningeanza nayo, kwa kuwa ni Kiingereza cha nyumbani na cha uwanja wa shule, kile anachokisikia kila siku.

Xiomara ni hadithi nzima katika mashairi. Sisi wa Kiswahili hatuna sababu ya kushtushwa na kisa kirefu cha kishairi. Tumelelewa na tenzi. Tofauti ni kwamba Acevedo hafuati vina wala mizani, ni masivina mwanzo mpaka mwisho. Aliyezoea mapokeo atanung'unika kurasa za kwanza. Namshauri asome kwa sauti. Acevedo alitokea kwenye mashindano ya kughani mashairi jukwaani na akawahi kuwa bingwa wa taifa, na mistari yake imekatwa pale pumzi inapokatika. Kitabu ni kinene ukikishika, lakini kurasa zina nafasi tupu nyingi, na nimeona vijana wasiopenda kusoma wakikimaliza kwa siku mbili.

Julia ni nathari ya kawaida, nzito, yenye kejeli na matusi. Kijana asiyejua Kiingereza cha mtaani atakwama hapa na pale.

Walatino wa wapi, na wa lini

Esperanza Ortega ni binti wa mwenye shamba kubwa la zabibu Aguascalientes, Meksiko, mwaka 1930. Baba yake anauawa usiku wa kuamkia siku yake ya kutimiza miaka 13, ami zake wanataka mali na mmoja wao anamtaka mjane, nyumba inachomwa. Mama na binti wanakimbilia California pamoja na waliokuwa watumishi wao, na huko wanaishi kwenye kambi ya vibarua karibu na Arvin. Mwandishi aliijenga hadithi juu ya maisha ya bibi yake mzaa mama, ambaye naye aliitwa Esperanza Ortega.

Nguvu ya kitabu hiki ni kwamba hakimfichi mhusika wake. Esperanza anakuja na kiburi cha tajiri. Hajui kushika ufagio, na msichana maskini akitaka kumgusa mwanasesere wake anamnyima, akiogopa atachafuliwa. Ndani ya treni, Miguel, mtoto wa watumishi, anamweleza jambo ambalo yeye hakuwahi kuliona: kwamba Meksiko wenye damu ya Kihispania na ngozi nyeupe ndio matajiri, na wenye ngozi ya udongo ndio wafanyakazi. Vitabu vya watoto vinavyothubutu kusema kwamba Walatino wenyewe wana matabaka na rangi kati yao si vingi. Na kuna historia ambayo hata watu wazima wengi wa Marekani hawaijui: katika miaka ile ya njaa na ukosefu wa kazi, mamia ya maelfu ya watu wa asili ya Meksiko walirudishwa Meksiko, wakiwamo raia waliozaliwa Marekani. Kitabu kinaionyesha kwa macho ya kambi, pale msako unapoingia kwenye banda la kupanga mboga.

Merci ni wa leo. Ukoo wake ni wa Kikuba, unaishi kusini mwa Florida kwenye nyumba tatu zilizopangana ambazo wenyewe huziita Las Casitas: babu na bibi katika moja, shangazi na mapacha wake katika nyingine, wazazi wa Merci katika ya tatu. Mmarekani huelezwa mpangilio huu kwa kurasa kadhaa. Msomaji wetu hahitaji, hilo ni boma tu, na kila mtu anaingia jikoni kwa mwenziwe bila kubisha hodi. Baba ana biashara ndogo ya kupaka rangi nyumba. Merci na kaka yake Roli wanasoma shule ya kulipia kwa ufadhili, katikati ya watoto wa matajiri.

Xiomara Batista ana miaka 15, ni Mdominika wa Harlem, New York, yaani wazazi wake walitoka Jamhuri ya Dominika, nchi ya kisiwani Karibi. Ni mweusi, ana mwili mkubwa uliotangulia umri wake na nywele zilizojaa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina thamani yake pekee, kwa sababu picha ya Mlatino tuliyoletewa na tamthilia za televisheni ni ya mtu mweupe mwenye nywele za kumwagika. Furaha mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba msichana mmoja shuleni "ni mweusi lakini anasema Kihispania," kama vile ni ajabu. Waafrika walipelekwa kisiwa kile kama watumwa tangu mwanzo wa karne ya 16. Wajukuu wao ndio hao.

Julia Reyes naye ana miaka 15, ni binti wa wazazi waliovuka kutoka kijiji cha jimbo la Chihuahua bila makaratasi. Wanaishi Chicago, baba kiwandani, mama anasafisha nyumba za watu. Sehemu ya hadithi inarudi Meksiko kwa bibi, na hapo msomaji anaona kile kijiji ambacho wazazi wa Julia wamekibeba kichwani miaka yote.

Wahonduras hamna humu. Nilimwambia Mama Furaha hivyo waziwazi: vitabu hivi havitamweleza jikoni kwa yule rafiki wa bintiye. Vitamfungulia njia ya kuuliza vizuri.

Kihispania ndani ya Kiingereza

Ryan ndiye mpole kuliko wote kwa mgeni. Sura zake zina majina ya matunda na mboga kwa Kihispania: zabibu, mapapai, tini, mapera, vitunguu, viazi, maparachichi, kufuata msimu wa mavuno, kisha mwisho zinarudi zabibu. Kila neno geni linafuatwa na maana yake hapo hapo. Mtoto mdogo atamaliza akiwa na msamiati wa sokoni. Kasoro ni kwamba kijana aliyekulia kwenye Kihispania huhisi kama kitabu kinamzungumzia yeye kikiwatazama wengine.

Medina na Sánchez wanachanganya kama watu wanavyochanganya. Babu ni Lolo, mama ni Amá, baba ni Apá, na maneno ya kukaripia yanabaki yalivyo. Maana utaipata kwenye sauti. Mtoto wa Nairobi au Bukavu, ambaye mwenyewe huanza sentensi kwa lugha moja na kuimalizia kwa nyingine, hatapata taabu yoyote hapa. Mara nyingi mzazi ndiye anayeogopa.

Xiomara ananigusa zaidi. Ndani yake lugha ni uwanja wa vita. Mama anasali, anaamuru na anatukana kwa Kihispania; binti anaandika kwa Kiingereza, kwenye daftari ambalo mama hawezi kulisoma vizuri. Kuna mahali mama anamwita binti kwa tusi la Kidominika lenye maana ya malaya, naye Xiomara analipokea lile neno na kuligeuzageuza katika shairi mpaka linapoteza makali. Kijana yeyote ambaye mama yake humkaripia kwa lugha ya nyumbani, naye akawa na maumivu yasiyosemeka isipokuwa kwa lugha ya shule, atakisoma kitabu hiki kwa namna yake mwenyewe.

Shida inatoka wapi

Nimeona darasa likipewa riwaya tatu za Walatino kwa mwaka, zote tatu za kuvuka mpaka. Watoto wale walitoka na huruma nyingi. Lakini huruma pekee ni chakula kibaya cha urafiki. Mtoto wa Honduras aliyekuwa darasani alitazamwa wiki nzima kana kwamba atalia, na yeye alikuwa na mawazo ya mechi ya Jumamosi. Ndiyo maana nauliza: je, mhusika huyu anaruhusiwa kuwa na shida ya kawaida ya kibinadamu, au kila shida yake lazima itokane na kuwa Mlatino?

Kwa kipimo hicho Merci imesimama peke yake. Shida ya Merci ni babu. Lolo ndiye rafiki yake wa kuendesha baiskeli, ndiye msiri wake, na Lolo ameanza kupotea. Anaanguka na baiskeli. Anakwenda shuleni kuwachukua mapacha na kutaka kuondoka na watoto wa watu wengine. Watu wazima wote wanajua ni ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu za wazee, Merci peke yake ndiye hajaambiwa, na kitabu kizima kinasukumwa na hasira ya mtoto anayefichwa jambo ndani ya nyumba yake. Shuleni kuna msichana mbabe anayeitwa Edna, kuna aibu ya jicho la Merci linalokwenda upande, kuna baiskeli mpya anayoitamani. Ukuba wake uko kwenye chakula, kwenye lugha, kwenye nyumba tatu zisizo na siri isipokuwa ile moja. Hakuna anayeuliza kama ni halali yake kuwepo. Wapo wanaosema kitabu hiki ni laini mno. Sikubaliani nao. Mtoto aliyewahi kumwona babu yake akimwita kwa jina la mtu mwingine hataona ulaini wowote. Medali ya Newbery ya mwaka 2019, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Marekani, kilipewa kwa haki.

Esperanza iko upande wa pili. Shida yake inatoka kwenye historia yenyewe: ardhi, tabaka, mpaka, ujira. Mama anaugua mapafu baada ya tufani ya vumbi, binti anashika kazi ya banda la kupanga mazao ili amtunze, na katika kambi kuna Marta anayewaita wenzake kwenye mgomo. Kitabu hakimlazimishi msomaji aamue nani yuko sahihi. Esperanza anaendelea kufanya kazi kwa kuwa mama yake yuko hospitali, na bado anamsaidia Marta kuponyoka wakati wa msako. Baba alikuwa amemfundisha kwamba ukingoja kidogo tunda litaangukia mkononi. Sisi tungesema subira yavuta heri. Ubora wa Ryan ni kwamba anaiacha subira hiyo ijaribiwe na njaa. Mtoto akisoma hiki peke yake, hata hivyo, anaweza kubaki na picha ya Mlatino kibarua wa zamani, kwa hiyo kisomwe sambamba na kingine cha leo.

Shida ya Xiomara iko kati ya mwili wake, imani na mama. Wanaume wa mtaani humtupia maneno na mikono, na mama humlaumu yeye. Yuko kwenye mafundisho ya kipaimara akiwa na maswali ambayo padre hawezi kuyajibu kwa aya mbili. Siku za mafundisho hayo ndizo siku za klabu ya mashairi shuleni. Pia kuna Aman, mvulana wa Trinidad. Mama anapojua, anampigisha magoti juu ya mchele mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Anapoona daftari, analichoma. Wazazi wetu wa parokiani wanaweza kukasirika wakifika hapo. Naomba wasome mpaka mwisho, maana mama huyu hakuchorwa kama jini. Ni mwanamke aliyetaka utawa akaozwa, akafanya kazi ya usafi miaka yote, na mapatano yanapokuja padre yuleyule ndiye anayekaa katikati. Kitabu kilipata tuzo ya taifa ya vitabu ya Marekani mwaka 2018 na medali ya Carnegie ya vitabu vya watoto ya Uingereza mwaka 2019, na Acevedo akawa mwandishi wa kwanza asiye mzungu kupewa medali hiyo. Nasema hivyo kwa ajili ya mzazi anayedhani ni kitabu cha uasi tu.

Julia anaanza kwenye jeneza. Dada yake Olga, mtoto mtiifu asiyetoka nyumbani, amegongwa na lori. Julia anabaki na mama anayemlinganisha na marehemu kila siku, kisha anagundua kwamba Olga alikuwa na siri. Msukumo wa kuwa binti kamili wa Kimeksiko ni halisi, lakini chini yake kuna huzuni ya kitabibu, ile inayohitaji daktari, na Sánchez anaiandika kwa usahihi unaoumiza. Julia mwenyewe si rahisi kupendwa: mkali, mwenye dharau, mwenye kujiona. Wasomaji wengine humwacha njiani kwa sababu hiyo. Mimi naona ukali wake ndio ukweli wa kitabu, kwani kijana aliyezama kwenye huzuni mara nyingi haonekani mnyonge, anaonekana mjeuri.

Lipo jambo moja linalonifurahisha humo, lile la sherehe ya kutimiza miaka 15. Wazazi wanajibana mpaka wanamfanyia, gauni, ukumbi, ndugu kualikwa, naye haitaki. Usifananishe na unyago, hakuna mafunzo ya siri. Lakini ule mzigo wa sherehe ambayo ni ya ukoo kuliko ya mwenye sherehe, tunaujua.

Mambo ya kujua mapema

Merci: huzuni ya ugonjwa wa babu, basi. Esperanza: mauaji ya baba mwanzoni, yasiyoelezwa kwa damu, na hofu ya msako. Kwa mtoto aliyekimbia vita, kuchomwa kwa nyumba usiku kunaweza kuamsha mambo. Kaa karibu naye kwenye sura hiyo.

Xiomara: kushikwashikwa bila ridhaa, matamanio ya kimwili yanayozungumzwa wazi ingawa hayaendi mbali, kipigo, mashaka juu ya dini, na pacha wake Xavier anayependa wavulana.

Julia: jaribio la kujiua, ngono, matusi, na kisa cha mama yake kubakwa wakati wa kuvuka mpaka. Usimpe mtoto wa miaka 12 kwa sababu tu anasoma vizuri. Na kama kijana wako amewahi kutaka kujidhuru, kisome wewe kwanza, halafu msome pamoja, ukiwa na namba ya mtu wa kumpigia.

Kwa hali yako

Kama mtoto ni wa miaka 9 hadi 12 na ana rafiki wa Kilatino, Merci itampa cha kuzungumza naye kesho yake shuleni. Akikipenda, Medina aliandika vingine viwili vya Merci, vya mwaka 2021 na 2022.

Kama nyumbani kwenu mna mzee anayesahau, Merci tena, na kisomwe na wakubwa pia.

Mwalimu anayefundisha uhamiaji, kazi za mashambani au miaka ya 1930, achukue Esperanza. Darasa lenye mchanganyiko wa uwezo litaimudu, na ile mada ya watoto kurudishwa nchi wasiyozaliwa italeta mjadala wa wiki nzima. Kinawafaa pia watoto wa familia zilizoshuka hadhi baada ya kuhama: baba aliyekuwa mwalimu Bukavu na sasa anapakia mizigo usiku.

Msichana wa miaka 14 na zaidi anayeandika kwa siri, au anayebishana na dini ya wazazi wake bila kutaka kuiacha, mpe Xiomara. Mpe pia kijana asiyependa kusoma, kwa sababu ya zile kurasa za mistari kumi. Msichana mweusi ambaye hajawahi kujiona kwenye jalada la kitabu, mwonyeshe hata kabla hajafungua.

Julia naiacha kwa kijana wa miaka 15 au 16 aliyefiwa, au anayeishi chini ya kivuli cha ndugu anayesifiwa, na aliye na mtu mzima wa kuzungumza naye. Mwenye hasira atakielewa haraka kuliko mwenye utulivu.

Wavulana wanaokataa vitabu vya wasichana (kukataa kwenyewe ni jambo la kuzungumziwa nyumbani) wanaweza kuanza na "Mexican WhiteBoy" ya Matt de la Peña, 2008, ya kijana mwenye kipaji cha kurusha mpira wa besiboli. Na mtoto wa sayansi na sayari, ambaye hadithi za maisha humchosha, atafutiwe "The Last Cuentista" ya Donna Barba Higuera, iliyopata Newbery mwaka 2022. Ndani yake msichana anaondoka duniani kwa chombo cha anga akiwa amebeba ngano za bibi yake, na hizo ndizo zinazookoa.

Anayetaka kuendelea mwenyewe, atafute kwenye jalada alama ya tuzo ya Pura Belpré, inayotolewa tangu mwaka 1996 kwa waandishi na wachoraji wa Kilatino. Belpré alikuwa Mpuerto Rico wa kwanza kuajiriwa mkutubi katika maktaba ya umma ya New York, mwaka 1921, tawi la Harlem, mtaa uleule wa Xiomara. Alisimulia watoto hadithi kwa Kihispania na Kiingereza, kwa vikaragosi alivyovitengeneza mwenyewe. Esperanza na Xiomara zote zina alama hiyo.

Mama Furaha alinunua Merci, kisha tukaenda maktaba akaazima Esperanza bila kulipa chochote. Tulimwuliza mkutubi habari ya kitabu cha Wahonduras kwa umri wa miaka 12. Akaandika ombi letu kwenye kompyuta, akachukua namba ya simu ya Mama Furaha, na akasema atapiga.